Makofi ya Shavu la Kushoto

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Emiliana Ndahani alikuwa amesimama jikoni katika nyumba moja ya Ipagala, mtoto mgongoni, akimimina uji wa ulezi kutoka kikombe hiki kwenda kile ili upoe. Mama Angelina aliingia akiwa amevaa kiatu kimoja. Alichovya kidole kwenye uji, akasema umepoa kupita kiasi, mtoto atajaa gesi, kisha akampiga Emiliana kofi la shavu la kushoto.

Kofi halikutoa sauti.

Emiliana aliuona mkono ukija. Shavu liliwaka na meno yakagongana kama kawaida. Lakini jikoni palibaki kimya. Kilichosikika ni friji likinguruma na kuku wa jirani akitangaza yai. Mama Angelina aliutazama mkono wake kidogo, kama mtu anayetazama saa iliyosimama, halafu akaenda kutafuta kiatu cha pili.

"Mama Angelina, tutachelewa," alisema mumewe, Stanley, kutoka sebuleni.

"Nakuja, baba. Nilikuwa naongea na dada."

Emiliana alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amekaa katika nyumba ile mwaka mmoja na miezi miwili. Alitoka Buigiri, ambako mama yake, Miriam, alikuwa akitengeneza marimba za vidole. Miriam haoni tangu akiwa na miaka minne. Alisoma pale pale Buigiri katika shule ya watoto wasioona, akajifunza nukta nundu na kuimba, na baada ya hapo akaishi kwa masikio. Watu walimletea marimba kutoka vijiji vya mbali ili azilinganishe sauti. Kazi hiyo inataka masikio mawili: moja la kuusikia ulimi wa chuma unaopigwa, jingine la kuusikia ule unaosubiri zamu yake. Emiliana alikuwa nayo yote mawili, tena mazuri, na walikuwa wamekubaliana kwamba akimaliza miaka miwili Dodoma atarudi kuishika kazi ya mama yake. Mvua zilikuwa zimekosa, uwele haukuzaa, na miaka miwili ilionekana mifupi.

Siku ya kumchukua, Mama Angelina alikuja Buigiri mwenyewe, akakaa kwenye mkeka, akanywa maji aliyopewa. Alikuwa mhandisi wa maji, mpole wa kuongea, mwenye viganja vipana. Alimweka Angelina, wakati huo wa miezi minne, kwenye mikono ya Emiliana.

"Nakukabidhi roho yangu," alimwambia. "Mama, kwangu binti yako atakuwa kama mdogo wangu wa tumbo moja."

Alimaanisha. Tangu siku hiyo hakumwita Emiliana kwa jina lake hata mara moja, alimwita dada. Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi ya masharti, mistari kumi na saba. Ufunguo wa stoo ulikaa kwenye mkoba wake na kwenda naye kazini. Emiliana aliaminiwa mtoto kwa saa kumi na moja kila siku, lakini hakuaminiwa sukari.

Jumatatu ile jioni, wakati wa chakula, Mama Angelina alimwambia mumewe, "Baba, leo nimepigiwa makofi."

"Kwenye nini?"

"Taarifa ya matangi."

Stanley aliacha kutafuna. Alikuwa mhasibu, na mke wake alikuwa amesoma taarifa za matangi kwa miaka sita bila mtu hata kukohoa. "Matangi ya maji?"

"Ya maji. Lilikuwa kofi moja tu, lakini zito."

"Nani alipiga?"

"Kila mtu alikuwa ameshika kalamu. Mkurugenzi akasema makofi ya wafanyakazi hayaulizwi mwenyewe, akaniambia niendelee."

Emiliana alikuwa anamfuta Angelina mlenda kidevuni. Alilisikiliza neno lile, zito, akagusa shavu.

Jumanne mtoto aliamka na alama ya mbu shingoni. Emiliana alipigwa makofi mawili bila sauti, na kazini, baada ya kipengele cha mabomba, yakasikika makofi mawili. Jumatano hapakuwa na kosa, na kikao kilikuwa kimya kama zamani. Alhamisi kijiko kilianguka. Hadi Ijumaa Mama Angelina alikuwa ameelewa, wala hakulifanya jambo kubwa. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba kinachosukumwa upande huu wa bomba hutokea upande ule.

Hakuwa amekesha akiwaza ubaya. Makosa tu yalianza kuongezeka asubuhi za vikao. Nepi ilikunjwa vibaya, pazia lilifunguliwa mapema, Emiliana aliitika haraka mno au polepole mno. Mama Angelina aligundua pia kwamba kila kifaa kina sauti yake. Mwiko wa ugali ukimpata Emiliana begani, kikaoni ilisikika kama watu wanapiga meza kwa kukubali. Siku aliyomsukuma akagonga friji kwa mgongo, ukumbi ulitoa kishindo cha miguu, na mjumbe mmoja kutoka idara nyingine alisimama kwa heshima bila kujua kwa nini. Baada ya mwezi mmoja na nusu Mama Angelina alifanywa mkuu wa kitengo.

Walinunua keki. Emiliana alikatiwa kipande, akakila kwa upande wa kulia wa mdomo.

Stanley hakuwa mtu wa kupiga. Siku zenye vikao alikuwa akirudi na panadoli, anaziacha juu ya meza ya jikoni bila kusema ni za nani. Mara moja, mkewe akiwa bafuni, alisimama mlangoni akasema, "Dada, vumilia kidogo. Mama yako huyu ana presha ya kazi."

"Sawa, baba."

"Na mtoto amekuzoea."

Hilo lilikuwa kweli. Angelina alikuwa akijifunza kupiga makofi wakati ule. Emiliana alimkalisha kwenye mkeka, akamshika mikono, akamwonyesha. Viganja vidogo vilikutana mara nyingi bila sauti, kwa sababu katika nyumba ile hakuna kofi lililokuwa na sauti tena, na mtoto alicheka akidhani ndivyo makofi yalivyo. Halafu asubuhi moja, akiwa amebebwa mbele, Angelina alimtazama Emiliana usoni kwa makini, akanyoosha mkono, akampiga shavu la kushoto kama alivyokuwa akiona wakubwa wakifanya.

Hilo lilitoa sauti. Ndogo, laini, kama tone kwenye ndoo.

"Hapana, mama," Emiliana alimwambia. "Hivyo siyo." Akauchukua ule mkono, akaubusu, akaurudisha kwa mwenyewe.

Mwezi wa nane, upepo ukiwa umeanza kuvuruga vumbi jekundu hadi ndani ya vyombo, lilikamilika tangi kubwa nje kidogo ya mji. Mama Angelina ndiye aliyelisimamia. Uzinduzi ulipangwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ukirushwa moja kwa moja redioni.

Asubuhi ya Alhamisi hakutafuta kosa. Alikuja jikoni akiwa amevaa kitenge kipya, amevua pete na kuiweka juu ya friji.

"Dada, mpe baba mtoto."

Emiliana alifungua mbeleko. Stanley alimpokea Angelina, akasema anakwenda kumwonyesha gari, akatoka na kuvuta mlango nyuma yake taratibu.

"Leo ni siku kubwa," Mama Angelina alisema. "Najua hujakosea kitu. Naomba tu usimame hapa penye mwanga, na usiinamishe kichwa."

"Mama, sikio hili linauma."

"Nitajitahidi."

Alijitahidi matatu ya kwanza. La nne lilipita juu ya shavu likatua sikioni, na Emiliana akasikia ndani ya kichwa chake kitu kikipasuka kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. La tano lilimkuta akiyumba. La saba lilipasua mdomo kwa ndani, na damu ikadondoka kwenye sakafu aliyokuwa ameipiga deki saa moja kabla. La tisa alilipokea ameshika ukingo wa sinki. Yote yalikuwa kimya. Mtu aliyepita nje angesikia pumzi mbili tu, moja ya anayefanya kazi na moja ya anayefanyiwa. Yalipofika kumi na moja Mama Angelina alikunja na kukunjua vidole, akavaa pete, akachota poda yake mwenyewe na kumpaka Emiliana kwa ncha za vidole, kwa upole, kama anayepaka mtoto.

"Pole, mdogo wangu. Beba na maji ya kunywa, kule jua ni kali."

Kwenye uzinduzi Emiliana alikaa viti vya nyuma kabisa chini ya turubai, Angelina mapajani, pamba sikioni. Upande wa kushoto dunia ilikuwa imezibwa na mvumo mmoja usiokwisha. Kwa sikio la kulia alimsikia Mama Angelina akieleza ujazo wa tangi, kina cha kisima na unene wa zege. Alieleza vizuri, maana kazi yake aliijua. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, makofi yalianza.

Wageni walikuwa wamekaa, wengine mikono mifukoni. Makofi yalitoka hewani, juu ya viti, mazito na yenye mapumziko. Emiliana aliyatambua moja moja. Yale matatu yaliyojizuia. La nne, lenye mlio wa ngozi inayochanika. La tano, lililopiga huku likiteleza. Alipolisikia la saba alilamba kidonda kilichokuwa mdomoni. Baada ya la kumi na moja, wageni walijiunga na yao ya kawaida, kwa adabu, na mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mmesikia wenyewe, wasikilizaji, makofi ya dhati kabisa!"

Buigiri, Miriam alikuwa amekaa kivulini na marimba mapajani, redio pembeni. Kabla ya makofi kuisha alikuwa ameshazima redio na kuomba aletewe fimbo na viatu vyake.

Alifika Ipagala Ijumaa saa tatu asubuhi, kwa basi halafu kwa bodaboda. Mama Angelina alikuwa nyumbani. Alikuwa amepewa siku ya kupumzika.

"Mbukwenyi," Miriam alisalimu kwa Kigogo mlangoni.

"Mbukwa, mama. Karibu, karibu sana," alijibu Mama Angelina, akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye sofa, ambalo kwa sharti la tisa Emiliana hakuruhusiwa kulikalia. "Shikamoo. Ungetupigia simu tukufuate!"

"Marahaba. Nilikuwa nasikiliza redio. Mwanangu yuko wapi?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Njoo."

Emiliana alipiga magoti. Miriam alipitisha viganja usoni mwake, kwanza paji la uso, halafu mashavu, halafu nyuma ya masikio. Alikaa na kidole chake kwenye sikio la kushoto muda mrefu. Kisha alisogeza mdomo karibu nalo, akanong'ona kitu kwa Kigogo, akasubiri. Emiliana hakujibu, kwa sababu hakusikia kwamba ameitwa.

"Hivyo ndivyo," alisema Miriam. "Jana nilisikia likipasuka, la nne. Nikasema labda ni redio."

"Mama," alisema Mama Angelina, na macho yake yakajaa machozi ya kweli. "Huyu kwetu si mfanyakazi. Nimemwachia mtoto wangu. Unajua maana ya kumwachia mtu mtoto?"

"Najua. Na mimi nilikuachia wangu."

Stanley alisema labda wanywe chai kwanza. Ufunguo wa stoo ulitafutwa, na chai ikanywewa. Halafu Miriam akasema yeye na binti yake wanakwenda ofisi ya mtaa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi na meza. Karani aliitwa Bartolomayo, kijana nadhifu mwenye mwandiko mzuri, aliyewapisha kwenye kiti chake na kukaa mwenyewe kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alisikiliza mambo yote bila kukatiza: uji, ukimya, matangi, makofi ya hewani. Aliuliza swali moja tu, kama mkono ulikuwa wa kulia. Kisha alijaza fomu, akagonga muhuri, na kwa heshima ya mtu asiyeona akaisoma kwa sauti.

"Kwamba, msichana tajwa, akiwa nyumbani kwa mwajiri wake, alipigiwa makofi kumi na moja..."

"Alipigwa," alisema Miriam.

"Ndiyo, mama."

"Umesema alipigiwa."

Bartolomayo aliitazama fomu. "Alipigiwa makofi. Ndiyo Kiswahili fasaha, mama. Tunapigia mtu makofi."

"Hayo ni ya kumpongeza mtu. Haya alipigwa. Umetia herufi i kati ya g na w. Itoe."

"Ningeitoa," alisema kijana, na alikuwa na huzuni kweli. "Lakini imeshagongwa muhuri. Na hapa chini pana visanduku viwili tu, malalamiko na pongezi. Makofi huingia upande wa pongezi, nimeshaweka alama. Kurekebisha kunahitaji saini ya mwajiri aliyetajwa."

"Tukienda mbele?" aliuliza Emiliana, akigeuza sikio la kulia.

"Mbele watataka barua ya mtaa, dada. Na barua ya mtaa ndiyo hii."

Walirudi kuchukua nguo. Mama Angelina alisimama getini na mtoto begani.

"Unaondoka hivi hivi? Nilikuamini, dada. Sijawahi kumwamini mtu hivyo."

"Ninaitwa Emiliana, mama."

"Najua unavyoitwa." Alikuwa analia. "Nani atamwogesha? Anakubali maji ya kwako tu."

Angelina alinyoosha mikono. Emiliana alimsogelea, akamshika viganja vile vidogo, akavikutanisha mara moja, kwa kumkumbusha. Mtoto alitazama, akapiga mwenyewe, na havikulia. Basi Emiliana akamshika mama yake mkono wakaenda barabarani.

Wiki iliyofuata fomu ilifika inakotakiwa kufika, na Mama Angelina akapewa cheti cha mwajiri bora wa msaidizi wa nyumbani, chenye fremu. Alikitundika sebuleni, juu ya runinga. Kazini vikao vilikuwa vimerudi kimya. Alisoma taarifa mbili bila sauti yoyote ukumbini, na mkurugenzi akamuuliza kama nyumbani kuna tatizo. Alijibu kwamba dada ameondoka, lakini anatafuta mwingine. Mkurugenzi akampa pole. Alisema kupata dada mwaminifu siku hizi ni shida.

Buigiri, mganga wa zahanati alimwambia Emiliana kwamba ngoma ya sikio ikipasuka mara nyingi hujiziba yenyewe. Yake haikujiziba. Alikaa na mama yake kivulini kila mchana akijifunza kulinganisha marimba. Ulimi wa kwanza aliusikia vizuri. Wa pili, ule unaosubiri, ulizama ndani ya mvumo. Basi Miriam alibuni njia. Aliupeleka mkono wa Emiliana hadi kwenye ubao, akambonyeza vidole juu yake, ili ulimi wa pili ausikie kwa mifupa. Ilikwenda polepole. Marimba iliyokuwa ikichukua siku moja ilichukua siku nne, lakini mwisho ilikubali.

Asubuhi, kabla ya kazi hiyo, Emiliana aliandika barua kwenda ofisi ya mtaa. Alikuwa ameandika nne. Zote zilirudi, kila moja ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, herufi i ndogo ikiwa imechomekwa mahali pale pale, pamoja na salamu za Bartolomayo.

Jumatano moja saa nane mchana, redio ilisema kuna uzinduzi wa tangi la pili. Ilisikika sauti ya Mama Angelina, tulivu, ikieleza ujazo na kina. Miriam aliinua mkono ili marimba zinyamaze. Emiliana aligeuza sikio la kulia.

Makofi yalianza.

"Si wewe," alisema Miriam.

"Najua."

"Huyu ana shavu dogo. Bado ana mafuta ya utoto. Hajafika kumi na sita."

Emiliana alisikiliza. Jina la msichana lilikuwa Sikudhani, walikuja kulijua baadaye. Siku ile walilijua shavu tu. "Hilo ni la uji," alisema. Likapigwa jingine. "Hilo ameinamisha kichwa. Asiinamishe, linatua sikioni." Lilifuata la tatu na la nne, na wote wawili walishika pumzi mpaka likapita.

Emiliana alivuta karatasi, akaanza barua ya tano. Aliandika jina la mtaa, tarehe, na maneno msichana huyu alipigwa, na alipofika kwenye g na w alizibana pamoja kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, mpaka hata sindano isingepata nafasi ya kupita katikati yake.

"Makofi ya dhati kabisa!" alisema mtangazaji. Aliwaomba wasikilizaji, popote walipo, waongeze na ya kwao.

Kwenye nyumba ya jirani waliongeza.